Beki wa Mwisho wa Thorsby

Thorsby,
Jumapili, 12 Novemba 1978

Mdogo wangu Clive,

Nimekasirika, kwa hiyo usitafute salamu hapo juu. Mtu anamuaga baba yake Ijumaa, na kabla chai haijamiminwa ameshapanda treni! Watu wameshika vikombe, Shangazi Elsie amekata keki, wananiuliza, "Clive yuko wapi?" Nikasema umetoka kidogo kuvuta hewa. Norman Pask akanikata mbele ya wote: "Hewa gani, Avril? Kesho Millbeck wana mechi. Usimfiche." Niliona aibu mpaka kwenye nyayo.

Haya, na bao umefunga, nimesikia. Hongera.

Sasa sikiliza. Majivu ya Baba yatakuwa tayari wiki hii. Norman amekubali tumweke uwanjani, kwa kuwa walicheza pamoja na kwa kuwa uwanja ule anautunza kuliko anavyomtunza mkewe. Lakini masharti ni yale yale anayowapa wafiwa wote wa Thorsby: nyuma ya goli la upande wa vibustani vya mboga, kikombe kimoja tu, yatandazwe kwa reki, na ndani ya mistari ni marufuku. Anasema majivu ya mtu yana chumvi inayoua nyasi, na kama kila shabiki angelazwa anapopataka, tungekuwa tunacheza jangwani.

Tatizo ni marehemu mwenyewe. Wiki yake ya mwisho hospitali aliniambia: "Nyuma ya goli wanasimama waliolipa kiingilio. Mimi pale sijalipa kiingilio tangu nizaliwe. Niweke nilipokuwa nafanyia kazi." Unajua vizuri alipokuwa anafanyia kazi. Ndani ya eneo la penalti, akilaza watu chali.

Njoo Jumapili ijayo tulifanye pamoja, mimi na wewe. Sina mwingine.

Na jambo moja zaidi, maana nikilinyamazia litaniumiza. Kila Jumamosi jioni alikuwa ananiuliza, "Millbeck wamefungwa?" Nikimwambia wameshinda na wewe umefunga, anauliza, "Kwa mguu gani?" Namwambia wa kulia. "Najua," anasema. "Kushoto hana kitu yule." Kisha analala. Jina lako hakulitaja hata siku moja, lakini swali hilo hakulikosa.

Dada yako,
Avril


Millbeck,
Alhamisi, 16 Novemba 1978

Dada Avril,

Nisamehe kwa Ijumaa. Sikukimbia mechi, nilikimbia chai. Kila aliyenishika mkono pale alikuwa ananitazama kama mwizi aliyekuja kuaga nyumba aliyoiibia. Nimetoka Thorsby kwenda kucheza mpira, sikwenda kuuza siri za serikali!

Jumapili sitaweza. Kocha Hallam ametuita mazoezini. Huo ni ukweli. Ukweli wa pili ni kwamba hata asingetuita nisingekuja, kwa sababu siwezi kusimama kwenye uwanja ule nimemshika Baba ndani ya kopo.

Wewe hukuwepo jikoni siku ile nilipomwambia nimesaini Millbeck. Hakupiga kelele. Alikuwa anamenya viazi, akaendelea kumenya, akasema, "Nenda. Lakini kwenye uwanja ule hutafunga bao maadamu mimi nipo." Na kweli, dada. Kila msimu tunakuja huko, na kila msimu natoka mikono mitupu. Mara mwamba, mara kibendera cha mwamuzi wa pembeni, mara kipa wenu yule bwege anaokoa kwa kisogo. Nikigeuka namwona Baba pale kwenye uzio na kofia yake, hacheki wala hanuni.

Mwaka huu mechi ya huko ndiyo ya kufunga msimu. Ratiba nayo ina utani wake.

Fanya utakavyoona ni vizuri. Niambie tu umemweka wapi, nijue pa kutazama. Na tafadhali usipige simu. Bibi Tattersall mwenye nyumba ameiweka ukumbini, na mtu akiongea yeye anakuja kupangusa vumbi.

Wako,
Clive


Thorsby,
Jumatatu, 27 Novemba 1978

Clive,

Limekwisha. Baba yupo nyuma ya goli la upande wa vibustani, kama Norman alivyotaka.

Nilikwenda peke yangu asubuhi, kabla hata Norman hajafungua banda lake. Mvua ilikuwa inanyesha, na ule upepo wa pale unaujua. Nilitaka kuyatandaza taratibu ila yakatoka yote kwa mkupuo, yakakutana na maji, yakawa kama uji mzito. Nikajaribu kuyasambaza kwa kiatu, nikaona nazidi kuharibu. Nikalia kidogo, nikaenda kuwasha majiko ya kibanda changu cha chai pale uwanjani. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mtu akikuuliza, jibu ni hilo: nyuma ya goli. Usinichimbe zaidi.

Tumefungwa tena Jumamosi. Sasa tuko wa tatu kutoka mkiani.

Avril


Millbeck,
Jumapili, 21 Januari 1979

Dada Avril,

Theluji imetufungia. Wiki ya tatu hatujagusa mpira, tunakimbizana ndani ya ghala la pamba kama panya. Lakini nakuandikia nikiwa na furaha, kwa hiyo nivumilie. Tunaongoza ligi! Aldwick wako nyuma yetu, wanatuhemea kisogoni, na juu inapanda timu moja tu.

Nitakwambia kitu usichopaswa kumwambia mtu. Goti langu la kushoto limekwisha. Linavimba kila baada ya mechi, na kuna daktari mmoja hapa ananitolea maji kwa sindano, kimya kimya. Hallam hajui. Akijua ananiweka benchi, na nikikaa benchi msimu huu sitanyanyuka tena. Nina miaka thelathini na minne, Avril. Nimecheza mpira tangu nina meno ya utoto na sijapanda daraja hata mara moja. Nimeshuka, ndiyo, na Thorsby, na Baba alinifundisha jinsi ya kushuka kiume: unawapa mkono wote, unakunja soksi zako, unakwenda nyumbani. Kupanda hakunifundisha, maana na yeye hakuwahi.

Nataka kupanda mara moja tu. Baada ya hapo nitauza magodoro, nitafundisha watoto, sijali.

Clive


Thorsby,
Jumapili, 18 Februari 1979

Clive mdogo wangu,

Pole na goti. Mdomo wangu umefungwa, ingawa kwa moyo mzito.

Jana tulicheza hatimaye. Asubuhi yote mji mzima ulikuwa uwanjani na makoleo. Kasisi alikuwepo, mwuza nyama alikuwepo, hata mwalimu wako wa hesabu aliyekuwa anakuchapa. Tulizoa theluji tukairundika pembeni, na ardhi ilipogoma kulainika, wanaume wakawasha mapipa ya moto huku na huku. Norman alitaka kuwaua: "Mnachoma nyasi zangu, enyi washenzi! Mnadhani huu ni uwanja au jiko la pai?" Tukasawazisha dakika za mwisho. Pai ziliisha, chai iliisha, watu wakaimba mpaka nje. Bado tuko mkiani pamoja na wengine wawili, na wanaoshuka ni wawili.

Sasa habari mbaya. Mwenyekiti amesema hadharani, pale klabu ya wafanyakazi: tukibaki daraja hili ataendelea. Tukishuka anauza uwanja. Mtu wa maduka ameshakuja kuupima, kwa kamba na vigingi, siku ya mechi, watu wakimtupia maganda ya machungwa. Watamwaga zege, waegeshe magari. Na Baba yupo pale, Clive. Naamka usiku naona magari yamepaki juu yake.

Norman naye ana lake. Nyasi zimekufa kwenye eneo la penalti, goli la upande wa vibustani. Kiraka kama sinia, kimeng'ang'ania, hakuna kinachoota. Anasema ni mapipa ya moto. Ameweka mchanga juu, na kila siku anaapa atamtia adabu aliyewasha pipa mahali pale. Mimi nimemwambia labda ni mbwa.

Msalimie Bibi Tattersall na kitambaa chake cha vumbi.

Avril


Millbeck,
Jumapili, 15 Aprili 1979

Dada Avril,

Mwambie Norman mbwa wa Thorsby angekuwa na nguvu hizo, mngemsajili.

Nimekuwa kimya kwa sababu tunacheza kila baada ya siku mbili kulipa deni la theluji, na goti sasa linazungumza lenyewe nikipanda ngazi. Jana tumetoka sare. Aldwick wameshinda. Utakuwa umeshapiga hesabu kama mimi: mambo yakienda hivi, mechi ya mwisho, tarehe tano Mei, huko kwenu, sisi tutahitaji ushindi. Sare haitusaidii. Nyinyi sare inawaokoa.

Nimejaribu kucheka nikashindwa. Wenzangu hawaniambii kitu, lakini nikiingia chumba cha kubadilishia nguo maneno yanapungua. Jana kipa wetu alinitupia sabuni akasema, "Stobbs, siku ile utakumbuka jezi yako ni ya rangi gani?" Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Dada, si mzaha ule.

Halafu mpiga penalti ni mimi. Nadhani unajua.

Huko wanasemaje?

Clive


Thorsby,
Alhamisi, 19 Aprili 1979

Mpendwa Clive,

Wanasema nini? Dirishani kibandani kwangu wanapanga foleni ya kusema. "Avril, mdogo wako atatumaliza?" "Avril, mpikie pai yenye dawa ya kuhara." Mzee mmoja alinishika mkono, macho yamelowa, akasema, "Mwambie ni uwanja wa baba yake." Mwingine alisema Clive Stobbs ni msaliti na msaliti hana baba. Huyo nilimmwagia chai. Nikasema imeniponyoka.

Nimekaa na barua hii siku mbili. Sasa naandika haraka kabla sijaogopa. Goti lako linauma. Hilo si uongo, umeniambia mwenyewe. Mwambie Hallam. Mwambie ukweli tu, akuache nyumbani. Sikuombi ukose bao, sikuombi udanganye. Nakuomba ukae. Mwingine apige penalti zenu, na ikiwa Mungu ameandika tushuke, tushushwe na mkono wa mtu mwingine, si wewe. Nitawezaje kuishi mji huu, nikikutazama machoni, kama mguu wako ndio uliomwaga zege juu ya Baba?

Damu nzito kuliko maji, mdogo wangu.

Avril


Millbeck,
Jumatatu, 23 Aprili 1979

Avril,

Nimeisoma barua yako mara moja nikaichoma kwenye jiko la Bibi Tattersall, kwa sababu angeiona mtu hapa ningekuwa nimekwisha.

Hukuniomba nidanganye! Umeniomba niuze mechi nikiwa nimekaa kwenye kiti. Watu kumi na mmoja wamevuja jasho tangu Agosti, wengine wanatoka zamu ya usiku kiwandani wanakuja kucheza, halafu mimi niseme "aah, goti" siku ile ile ya Thorsby? Hata mtoto angejua.

Na nani alinifundisha? Baba huyo huyo! Alimvunja binamu yake mwenyewe kifundo cha mguu kwenye mechi ya kirafiki, kisha Jumapili akaenda kula kwake. "Ndani ya mistari sina ndugu." Mara ngapi tumelisikia? Angekusikia leo angekuona umemtukana.

Nitacheza. Nikipata nafasi nitafunga. Ikija penalti nitaipiga, kwa mguu wa kulia, chini, pembeni, na yeye atazame kutoka nyuma ya nyavu alipolazwa. Mwenyekiti wenu akiuza uwanja, aulizwe mwenyekiti, nisiulizwe mimi.

Damu nzito, ndiyo. Ndiyo maana inazamisha.

Clive


Thorsby,
Jumanne, 1 Mei 1979

Clive,

Umesema kweli na nimenyamaza. Cheza.

Kuna jambo lingine nilipaswa kukwambia zamani. Nimeanza kuliandika hapa nikalikata, nikaanza tena. Si la kwenye karatasi, na si la kabla ya mechi, utadhani nakutega. Baada ya kipenga pita kibandani kwangu, hata kama mmepanda na mnaimba. Nitakuwekea pai.

Tafadhali upite.

Avril


Thorsby,
Jumatatu, 7 Mei 1979

Clive,

Hukupita.

Nilisimama mlangoni na pai imefungwa kwenye gazeti mpaka basi lenu likaondoka. Sikuona uso wako, niliona kisogo tu. Watu walikuwa wananikumbatia, sijui wengine hata ni nani. Tumebaki! Mwenyekiti alipanda kwenye kreti la bia akasema uwanja hauuzwi, akalia. Norman akalia. Kengele za kanisa zikapigwa Jumamosi jioni, kasisi mwenyewe kavuta kamba.

Nao wanaimba jina lako. Usikasirike, nakuambia yaliyopo. Klabu ya wafanyakazi wameweka glasi ya bia kaunta, imejaa, hairuhusiwi kunywewa, na kijikaratasi kinasema "Ya Clive". Nilipoiona nikataka kuivunja.

Niandikie. Hata neno moja la matusi.

Avril


Millbeck,
Jumapili, 13 Mei 1979

Dada Avril,

Matusi yangu nimeyamaliza yote juu yangu mwenyewe, kwa hiyo hakuna lililobaki lako.

Uliona kutoka kibandani, lakini acha nikwambie nilichokiona mimi. Bila kwa bila, mvua, zimebaki dakika chache. Beki wenu anamkwatua winga wetu ndani ya eneo, kila mtu kaona, hata mama yake angekiri. Mwamuzi anaonyesha nukta. Upande wa vibustani. Uwanja mzima ukanyamaza, halafu sauti moja kutoka kwenye uzio ikasema, si kwa nguvu, kama mtu anayeongea mezani: "Haya, Clive, mwanangu."

Nikauweka mpira. Nikatazama nyuma ya nyavu, pale uliposema yupo, na nikasema moyoni, Baba, nisamehe, au usinisamehe, nafunga. Sikutetemeka. Nakuapia kwa chochote unachotaka, dada, nilikuwa nafunga. Nikakimbia, mguu wa kushoto ukakanyaga kando ya mpira kama ulivyokanyaga mara elfu, ukaondoka. Ukaniacha! Nikaanguka chali kama mlevi kwenye barafu, na mpira ukapaa juu ya mwamba ukaenda kwenye kabichi za watu.

Tukapanda basi. Hallam alikaa mbele. Tulipofika akasema, "Stobbs, sitakuuliza. Lakini usije Jumatatu." Nimepata barua ya klabu, wameniacha. Kipa alinisubiri mlangoni kwa Bibi Tattersall, yeye ambaye nimekula naye Krismasi mbili, akasema, "Umeuza mechi, na hata kuigiza hujui." Nilimpiga. Akanipiga. Bibi Tattersall alitutenganisha kwa ufagio.

Hayo nayaweza. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Linalonila ni jingine. Nalala chali namuuliza yule mtu aliyekuwa anakimbia kuelekea mpira: ulitaka kweli? Au barua ya dada yako ilikuwa ndani ya goti lako? Labda moyo uliteleza kabla ya mguu. Sijui, Avril. Ndicho kinachonitisha, sijui. Wakiniita mwuza mechi nafungua mdomo kukataa na sina cha kusema.

Waambie wamwage ile bia.

Clive


Thorsby,
Jumatano, 16 Mei 1979

Clive, mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Keti kitako usome mpaka mwisho.

Baba hayupo nyuma ya goli.

Asubuhi ile ya Novemba nilifika pale nyuma ya nyavu na kopo na kikombe changu, kama Norman alivyoagiza, nikasikia maneno ya Baba kuhusu kiingilio. Sikuweza. Nikaruka mstari nikaenda nilipodhani ndipo, kwenye nukta ya penalti, hatua moja kushoto kwa mpigaji, kulia kwa anayelinda, maana alikuwa beki wa kulia na sikutaka awe katikati. Nilikwambia yalitoka yote kwa mkupuo. Yalitoka pale. Kopo zima. Sikuyatandaza kwa reki wala kwa kipimo, niliyamwaga mahali pamoja kama mjinga, mvua ikayagandisha. Zile nyasi hazikuuawa na pipa la moto. Wala mbwa.

Sikukwambia kwa sababu siri ingevuja, na Norman angeling'oa lile tabaka na kulipeleka jalalani kabla hujamaliza kuisoma barua. Halafu Aprili ilipofika sikukwambia kwa sababu ungedhani namtumia Baba kukufunga miguu. Kumbe ndiye aliyekufunga.

Jana nilikwenda kwa Norman nikamwambia yote. Alikuwa ameshachukua sepeto na toroli, anataka kuchimba kile kiraka. Tukaenda pamoja, akapiga goti, akafukua mchanga kwa vidole. Chini yake kulikuwa na kitu cheupe, laini, kinateleza kama sabuni iliyosahaulika kwenye beseni. Na katikati yake, Clive, alama ya kiatu cha njumu. Mchirizi mrefu, kiatu cha mguu wa kushoto. Norman ameutunza uwanja ule miaka yote, hahitaji kuambiwa mguu ulikwenda wapi. Akasema, "Kijana alikuwa anafunga. Huu ni mkanyago wa mtu anayefunga. Mwenye nia ya kukosa hakanyagi kwa uzito huu."

Unasikia? Ulikuwa unafunga!

Kisha akakaa chini kwenye tope, akaanza kucheka mpaka machozi. "Wilf baba yenu alikuwa mzito," akasema. "Kila mpira aliufikia amechelewa. Lakini mtu alikuwa hampiti."

Hatalipeleka jalalani. Ila anasema pale pasiposhughulikiwa nyasi hazitaota miaka, na Agosti mtu mwingine atavunjika mguu. Pavunjwevunjwe kwa uma wa bustani, udongo uchanganywe, yasambazwe kama inavyotakiwa. Anasema kazi hiyo si yake.

Nikupe uamuzi mwingine, maana huu ni wako. Ukitaka nitaandika kwa Hallam na kwa kipa wako, nieleze kila kitu. Norman atatia sahihi. Jina lako litasafika. Lakini watakuja kutazama, na magazeti yatakuja, na watu watasimama pale na miavuli wakimwonyesha Baba kidole. Sema tu.

Dada yako, ambaye hajalala,
Avril


Millbeck,
Jumapili, 20 Mei 1979

Dada Avril,

Nimekwenda kutembea na barua yako hadi juu ya kilima, nikaketi kwenye mawe na kondoo wakinitazama. Nilicheka nikiwa peke yangu. Halafu nikalia kilio ambacho nilipaswa kukilia Novemba pale kwenye chai, mbele ya Shangazi Elsie na keki yake.

Usimwandikie Hallam. Usimwandikie mtu. Waache waseme niliuza. Mimi najua, wewe unajua, Norman anajua, na siri ya mtungi aijuaye kata. Sitamsimamisha Baba mahakamani ili kipa wa Millbeck anirudishie urafiki wake.

Kupanda daraja sitapanda tena, hilo limekwenda na linauma, sitakudanganya. Lakini usiku nalala.

Bibi Tattersall nimempa notisi. Nakuja Jumamosi ijayo na treni ya asubuhi. Mwambie Norman asiguse kitu. Aniazime uma na reki, nitafanya kwa mikono yangu, taratibu. Tutamsambaza vizuri sasa, eneo zima, kutoka nguzo hadi nguzo mpaka kwenye mstari wa mbele, kama alivyokuwa anacheza. Tupande nyasi juu. Kisha unitengenezee chai, na safari hii nitabaki mpaka iishe, hata wakinitazama.

Ile glasi kaunta waimwage, waweke nyingine, waandike "Ya Wilf". Wakiuliza kwa nini, waambie ni utani wa familia.

Alisema sitafunga maadamu yupo. Alisema pia kushoto sina kitu. Mzee alinijua, Avril. Alijua hata nitakapokanyaga.

Ndugu yako,
Clive